Nilibandika jogoo wa marehemu mama mdogo kwa plywood na gundi ya viatu

Wakuu, kabla mtu aniulize shida yangu ni gani, wacha nijishtaki mwenyewe: nilichukua karatasi ya marehemu mama mdogo, moja tu iliyobaki duniani, nikaipaka gundi ya viatu, nikaibandika kwa plywood, alafu nikaipigia magoti juu ndio ishike vizuri.

Ikashika.

Ilishika kuliko kitu chochote nimewahi kushikisha. Viatu vyangu vya shule vingeshika hivyo singekuwa natembea kama bata.

Naandika nikiwa na hasira, na nusu ya hiyo hasira ni yangu mwenyewe. Ile nusu ingine ni ya fundi mmoja hapa sokoni, mtamjua. Sitaongeza chumvi. Hata zile sehemu nakaa mjinga nitaziacha vile zilivyo, na sio chache.

Kwetu ni upande wa Ikonge. Majani chai mlango wa mbele, ndizi mlango wa nyuma. Niko Grade Nine. Mwalimu wa Pre-Technical alisema Jumatatu kila mtu alete kitu cha mbao amekata mwenyewe, kikiwa na umbo. Sio kibao cha kukatia sukuma wiki. Umbo.

Sasa kuna mtoi tunakaa naye dawati moja. Yeye alikuwa ametoa pomboo kwa internet, aka-print, na akatuambia huyo pomboo ataruka mpaka ofisi ya principal. Mtu wa Nyamira, hajawahi kuona hata omena ikiwa hai, anatuletea pomboo.

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia darasa lote likisikia: "Nitaleta jogoo atakula huyo samaki wako."

Hapo ndio nilijifunga.

Jogoo nilikuwa nimemwona Alhamisi. Mama alikuwa ameteremsha ule mkebe wake wa biskuti, ule kila mama anao na hauna biskuti. Ndani kuna nyuzi za kushona vitambaa, sindano, na karatasi za michoro. Nyinyi mnajua vitambaa vya kochi. Kwetu kochi zimevaa kuliko wenye nyumba.

Juu kabisa ya mkebe kulikuwa na jogoo. Amechorwa na biro ya bluu nyuma ya kalenda ya zamani, mkia umejaa maua, kichwa kimeinuliwa kama mtu amekataa kusalimiwa. Kila unyoya uko na mstari wake.

Alimchora mama mdogo, dada ya mama wa kumfuata, Mungu amrehemu. Alituacha nikiwa class three. Wamama wa kanisa wote walikuwa wanaazima huyo jogoo, na kwa sababu wamama wa kanisa huazima na kusahau, yeye akaandika kwa kona na mkono wake: "Nimekupa uige, sijakupa ukae nayo. Rudisha."

Mama alisoma hiyo kona akacheka peke yake. Alafu akaniambia kwa nini ameitoa.

Mama mdogo aliacha msichana mmoja, Moraa. Moraa anaolewa. Alikuwa anakuja Jumapili, na mama alitaka kumpa hiyo karatasi iwe yake. Kwa sababu wakuu, hakuna kitu kingine Moraa yuko nacho kimeandikwa na mkono wa mama yake. Hakuna barua. Hakuna Biblia yenye jina. Ni huyo jogoo na hizo sentensi mbili za kufukuza wamama.

Kwa hivyo nilijua. Mtu asinitetee huko chini ati mtoto hakujua. Nilijua.

Ijumaa mama akiwa bado buying center na majani, nikafungua mkebe. Mpango wangu ulikuwa safi kabisa: naenda cyber natoa photocopy, narudisha original, hakuna mtu atajua.

Nikafika cyber. Ilikuwa imefunguliwa. Stima ilikuwa. Mashine ilikuwa inafanya.

Kulikuwa na watu watatu kwa laini.

Watatu! Mmoja alikuwa anatoa fomu yenye kurasa nyingi, na mwenye cyber anaongea naye kuhusu mtoto wake. Nikaangalia jua. Ijumaa huku kwetu sio siku, ni mbio. Jua likizama Sabato imeingia, na fundi ni Msabato kama sisi, hatashika hata msumari mpaka Jumamosi jioni. Nikajiambia, wacha tu, nitatumia hii hii, nitakata pembeni ya mstari, nibandue, nirudishe.

Hebu fikirieni hiyo hesabu. Msumeno unakata mbao na karatasi pamoja. Jogoo angebanduka vipi akiwa mzima na kalenda ikiwa nzima? Nilikuwa nimepanga kumrudisha kwa shimo lake na selotepu kwa nyuma. Nilifikiria hivyo nikiwa na akili timamu na sijakosa lunch.

Fundi ndiye mwenye msumeno wa kukata maua. Aliutengeneza mwenyewe kutoka kwa cherehani ya miguu: unakanyaga chini, kawembe kembamba kanapanda na kushuka, unazungusha mbao unavyotaka. Mashine poa, hapo simdharau.

Nilimkuta anafagia.

"Fundi, nataka kubandika mchoro."

"Omomura, kijana wangu, umekuja na jua likiwa mfukoni? Leta haraka."

Mimi nilikuwa nimeona video. Wale wazungu wanafunika mbao na masking tape kwanza, alafu wanapaka gundi juu ya tape, wanabandika karatasi hapo. Ukimaliza kukata unavuta tape, karatasi inatoka nayo, mbao inabaki safi. Nikamuuliza, "Fundi, hatuweki tape chini?"

"Tape iko ndani ya boksi, na boksi iko chini ya milango ya watu. Gundi ni gundi. Paka."

Akanipa kopo. Harufu ikanipiga puani, nikajua hii ni ile ya viatu. Nikapaka kwa mbao, nikapaka kwa karatasi, tukangoja kidogo, tukabandika. Magoti juu. Fundi akasema "buya mono", yaani vizuri kabisa, akafunga duka.

Sasa sikieni ujinga wa kiwango cha kaunti. Gundi ya viatu ukiishika mapema, pengine unaiokoa. Yetu ilipewa Ijumaa usiku, Sabato nzima, na Jumamosi usiku. Mimi niko kanisani nimevaa tai, naimba vizuri tu, na kule sokoni gundi inakauka bila kupumzika. Watu wote wamepumzika isipokuwa gundi.

Jumapili asubuhi nikafika kwa fundi kabla afungue.

Kukata kulienda vizuri, sitadanganya. Tulitoboa vishimo vya ndani, tukapitisha wembe, nikazungusha mkia ua kwa ua. Jogoo akatoka. Fundi akamwinua kwa mwanga akasema, "Huyu sasa ni wa kuuza Kisii town." Nikaona yule pomboo ameshakuwa supu.

Alafu nikajaribu kubandua karatasi.

Nikaanza na kucha. Ngozi ya juu ikatoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha, nusu, ile nusu ingine ikabaki kwa mbao. Shingo ikakatika. Nikarudi kwa kile kipande cha nje, kile chenye kona ya maneno, nikasema wacha hii angalau. Haikuinuka hata kidogo.

"Fundi, hii lazima itoke mzima."

"Ya nini? Tutapiga msasa iishe."

"Isiishe! Ni ya kurudisha."

Fundi akaniangalia kama nimemwambia arudishie mti majani. "Basi thinner. Thinner inalegeza gundi. Lakini mtu hujaribu kwa kona kwanza, aone."

Wakuu. Jaribu kwa kona kwanza. Kila fundi mzuri husema hivyo. Ni ushauri mzuri wa kila siku, isipokuwa siku kona ndiyo kila kitu.

Mdomo wangu, ule haunanga breki, siku hiyo ndio ulipata breki. Niliona kitambaa cha thinner kikienda kwa kona na sikusema kitu. Mara moja tu, kwa kidole kimoja. Ile biro ya bluu ikatembea kama wino umemwagiwa chai. "Nimekupa uige" ikawa wingu. "Rudisha" ikabaki kidogo kwa R, nikapuliza, nikapuliza, hata R ikaenda.

Gundi yenyewe haikulegea.

Nikamwambia fundi, "Umefuta maandishi ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Mama mdogo. Ndio mwenye kuchora."

Akaweka kitambaa chini. Nilidhani ataomba msamaha. Akasema, "Sasa si ungesema ni ya marehemu, nitoe tape?"

Nitoe tape! Kumbe tape inatolewa kwa marehemu tu! Sisi wenye tunapumua ni gundi ya viatu! Nilichukua mbao zangu nikatoka bila kwaheri, na mpaka leo nikipita hapo naangalia upande ule mwingine wa barabara, na yeye anajua.

Lakini ngojeni, hasira yenyewe bado.

Nilifika nyumbani mama akiwa jikoni. Nikaenda pole pole kwa ule mkebe, sijui nilikuwa natafuta nini, pengine karatasi ingine ya jogoo iwe imezaliwa. Chini ya nyuzi nikapata kaboni. Karatasi ya kaboni, ile nyeusi. Miaka yote wamama walikuwa wanaweka kaboni juu ya kitambaa, jogoo juu ya kaboni, wanapitisha kalamu, mchoro unashuka. Hakuna gundi. Hakuna cyber. Hakuna laini ya watu watatu. Ningeweka tu juu ya mbao, nipitishe kalamu, nimrudishe jogoo akiwa mzima kabla jua lizame.

Ilikuwa chini yake. Mkebe huo huo. Nilimtoa jogoo juu ya kaboni na mikono yangu mwenyewe, nikaifunika, nikaenda kutafuta mzungu wa YouTube.

Hapo nilijipiga kofi. Kweli. Shavu la kulia.

Moraa alikuja saa nane na mkate na soda kubwa. Akakaa. Tukasalimiana, tukaomba, akakunywa chai. Mama akaenda kuleta mkebe akitabasamu ile tabasamu ya mtu ameweka kitu muda mrefu. Akafungua. Akatoa nyuzi. Akatoa sindano. Akatoa kaboni. Tabasamu ikaisha polepole, nikiiona ikiisha.

"Wewe. Karatasi ya jogoo iko wapi?"

Nilikuwa nimejipanga. Nikatoa jogoo wa mbao nyuma ya kochi, nimempiga msasa, amelainika, anang'aa. Nikaanza hotuba. Nikasema mama, karatasi ingeraruka, ingelowa, panya wangekula, lakini huyu wa mbao ni wa maisha. Moraa ataweka tu juu ya kitambaa apitishe kalamu pembeni. Mstari ni ule ule wa mama mdogo, sijahama hata kidogo. Niliongea kama mtu anauza dawa ya minyoo stage.

Moraa akamchukua jogoo. Akapitisha kidole kwa mkia, ua kwa ua. Alafu akamgeuza nyuma, akaangalia, akamgeuza tena mbele. Nikajua anatafuta kona.

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniua. Akamwambia mama, "Mama mkubwa, wacha tu. Inafanana kabisa."

Mama akajibu, lakini hakumjibu Moraa, alinijibu mimi. Hayo maneno nitayaweka mwisho kabisa.

Kwanza nimalize yangu. Wenye mnakata maua kwa mbao: usiwahi kubandika original. Hata kama laini ni ya watu arobaini, simama. Tape kwanza, gundi juu ya tape, ile gundi ya shule ya kupaka kama lip balm. Ama kaboni, na ni ya bure kwa mkebe wa mama yako. Na kama kitu kina mkono wa mtu hayuko, kiseme kwa sauti kabla fundi hajafungua kopo. Mimi nilisema baadaye.

Jumatatu sikupeleka jogoo. Moraa alienda naye. Nilipeleka kibao cha kukatia sukuma, na pomboo akashinda, na nilipiga makofi.

Mwenye anajua njia ya kurudisha biro iliyofutwa na thinner aandike hapa, hata kama ni uongo nitajaribu. Mwenye anataka kunitukana pia karibu, laini ni fupi.

Basi. Moraa alisema inafanana kabisa. Mama akaniangalia mimi, hakupaza sauti, akasema:

"Sijakuuliza kama inafanana. Nimekuuliza iko wapi."