Trei ya Juu Kabisa

Mwanangu, siku ile naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, na mpaka leo inanikera. Nilikuwa kibarua wa kuchapa katika ofisi moja ya pamba pale Musoma, miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya sisi kuchoka kupanga foleni ya sukari. Baba alikuwa mgonjwa, na nyumbani kwetu Mwisenge tulikula kwa kazi yangu mimi.

Basi ikaletwa printa mpya, na pembeni yake kikabati kirefu chenye trei tano, moja juu ya nyingine, kila mkubwa awe na yake. Karatasi iliingia kwa chini, ikapandishwa na magurudumu madogo ya mpira, na ikifika kwenye trei yake kilango kinafunguka, inalala humo. Jambo jepesi kabisa. Lakini fundi hajamaliza hata kueleza, wakubwa wetu walishaanza kugombania trei kwa vyeo. Meneja akachukua ya juu kabisa, wengine wakafuatana chini yake, na ile ya mwisho iliyobaki wakamwachia mzee Masatu wa stoo.

Matokeo yake unayaona mwenyewe. Karatasi za stoo zilitoka mara moja. Za meneja zilipanda njia yote ile, na kwa vile zilikuwa zimenyonya unyevu wa ziwa, nyingi zilijikunja kabla ya kufika. Nilimweleza, tena kwa adabu, kwamba ni umbali tu. Hakusikia. Mtu mzima, msomi, aliamini namdharau.

"Karatasi ya stoo inatokaga kwanza, yangu inakwama," aliniambia mbele ya watu. "Ikikwama tena leo, kibarua chako kimeisha."

Siku hiyo wanunuzi wageni na viongozi wa wakulima kutoka Bunda na Nyamuswa walikuwa wameshakaa mkutanoni wakimsubiri. Nikatuma taarifa ya kusomwa mkutanoni kwenye trei zote. Ya mzee Masatu ikatoka, akaichukua. Ya meneja ilipochungulia tu, akashindwa kungoja, akaidaka na kuivuta. Ikachanika, kipande kikabaki ndani, mashine ikagoma. Nilimfikiria baba.

"Soma yangu, bosi," mzee Masatu akasema. "Maneno ni yale yale."

Meneja akaenda kuisoma, mkutano ukaisha salama, akasahau kunifukuza. Unadhani alijifunza? Kesho yake nilikuta jina lake limebandikwa kwenye trei ya chini. Kufika mchana wakubwa wote walikuwa wanagombania ya chini, na mzee Masatu wamempandisha juu kabisa bila kumuuliza. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nachomoa karatasi za stoo zilizojikunja.

Sasa wewe juzi ulinijia umenuna, eti ofisini huko Butiama wamekupa meza ya nyuma. Nakwambia hivi: usigombanie nafasi kabla hujajua kinachokuja kwako kitapita wapi. Na kikianza kuchungulia, kiache kitoke chote ndipo ukishike.

Mungu akupe kazi ya heshima, akuepushe na wakubwa wa namna ile. Na siku wakikupandisha bila kukuuliza, akujalie kicheko cha mzee Masatu.