Mtoto Tuliyemwacha Nyuma ya Jiko

Nyumba yetu ya Iyunga niliiuza mimi, ingawa dole gumba lililo kwenye fomu ni la mama. Nyumba yenyewe sikuililia. Mto ulikuwa umeshaiingia mara tatu, maji hadi madirishani, na kila masika nilikuwa napiga simu kutoka Kihesa, Iringa, ninakofundisha, kumuuliza mama kama yameshafika mlangoni. Kinachonitafuna ni mtoto tuliyemwacha pale, mdogo wangu, ambaye wakati huo sikujua kama aliwahi kuwapo.

Jiji lilitangaza kwamba litanunua nyumba za kando ya mto kwa yeyote atakayetaka kuhama. Hakuna aliyelazimishwa. Ila mwenyekiti wa mtaa alinieleza wazi kwa simu kwamba fedha za mradi zingetosha nyumba chache tu, na waliotangulia kujiandikisha ndio wangefikiriwa kwanza. Mimi nikisikia habari ya foleni, akili yote huhamia miguuni. Nilipanda basi siku hiyohiyo, nikamkuta mama anapalilia migomba, nikamwambia tunajiandikisha. Akasema tusubiri kidogo. Nikamuuliza tunasubiri nini, maji yatubebe? Akaendelea kupalilia, na mimi nikachukulia kuwa amekubali.

Mthamini alipokuja alikuwa na adabu zake. Alimwamkia mama, akapima nyumba, akahesabu migomba na miparachichi, kisha akauliza kama kuna makaburi, maana nayo hulipiwa na kuhamishwa kwa heshima.

"Moja tu," nikasema. "La baba."

Mama alikuwa ameshafungua mdomo. Akaufunga. Alitazama nyuma ya jiko la nje, akawatazama wale wanaume wawili, mthamini na mwenyekiti, kisha akajifunga upya kanga yake na kusema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa. Nikadhani anamshukuru mthamini kwa kazi yake. Akabonyeza dole gumba pale nilipomwonyesha.

Baba tulimhamisha vizuri, na mchungaji na kwaya. Halafu likaja tingatinga. Mama tukamjengea Mbalizi, mlimani, mahali ambapo maji hayana njia ya kufika. Nilijisifu kwa kila mwalimu mwenzangu. Mama yeye aliishi katika nyumba ile kama mgeni aliyekaribishwa chai. Hakupanda hata mgomba mmoja, na kila nilipokwenda kumwona aliniuliza kama jiji linaruhusu watu kuingia kule bondeni.

Siku moja tukichambua maharage nilimuuliza, tena kwa ukali, anatafuta nini kule. Aliendelea kuchambua, akanieleza bila kunitazama. Nilipokuwa na miaka minne alijifungua mtoto wa kike aliyeishi siku mbili. Kwetu, mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina alizikwa na wanawake peke yao, nyuma ya jiko, bila alama na bila matanga. Wanaume hawakuonyeshwa mahali, wala hawakuuliza. Na mama yake alikatazwa kulia kwa sauti, asije akafunga kizazi.

"Ningesemaje mbele ya wale wanaume, mwanangu?" alisema. "Nilikuwa nasubiri waondoke nikwambie wewe. Walivyoondoka, ukaondoka nao."

Ni kweli. Nilifuatana nao hadi ofisini kuhakikisha fomu yetu inapokelewa siku ileile, na kutoka pale nikapitiliza stendi kuwahi basi la Iringa. Nilikuwa na vipindi kesho yake. Sikumbuki hata nilikuwa nafundisha nini. Na siku ya kumhamisha baba nilifika pamoja na kwaya, nikaondoka pamoja nayo.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Iyunga. Hakuna aliyetuzuia. Bonde lote lilikuwa limesawazishwa na kupandwa nyasi, na mianzi kando ya mto. Kazi nzuri, siwezi kusema vinginevyo. Mama alianza kuhesabu hatua kutoka barabarani, akakosea, akarudi, akahesabu tena. Lakini barabara nayo walikuwa wameisogeza. Alikwenda huku na huku kwa muda mrefu, kanga ikimvuka begani, na mimi nikimfuata nyuma kama mtu mwenye la kusaidia. Nilitamani anitukane.

Mwishowe akasimama, akihema.

"Macho yako bado mazuri," akasema. "Nionyeshe wewe."

Nilitembea hatua kama kumi, nikasimama mahali ambapo sikuwa na sababu yoyote ya kusimama, nikamwambia ni hapa. Mama akapiga magoti, akaweka viganja vyake kwenye nyasi, akalia kwa sauti kile kilio alichokatazwa miaka yote hiyo. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama kutuangalia. Nikapiga magoti kando yake. Mpaka leo hajaniuliza nilijuaje.