Tope la Kinoo

Andika, Sayi, na usipunguze neno. Mimi bibi yako ni Limi, binti wa Maduhu aliyezaliwa Mkula na Kabula aliyezaliwa Mwanhuzi. Nilizaliwa kijijini kwetu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Bariadi mjini. Sikukaa darasani hata siku moja, ng'ombe walinihitaji. Jana uliponoa kisu cha jikoni, nilisikia ule mlio wa chuma juu ya jiwe lenye maji, nikanusa na harufu yake, kama ya jembe lililonyeshewa mvua ya kwanza. Ndiyo maana nimekuketisha hapa.

Baba alikuwa mchunaji wa ngozi. Ng'ombe alipochinjwa, iwe kwa harusi au kwa bucha, yeye ndiye aliyeitwa. Kinoo chake, jiwe la kijivu refu kuliko kiganja, alikirithi kwa baba yake, na kwa kunolea visu miaka mingi kilikuwa kimebonyea katikati kama mtumbwi. Kilikaa juu ya kenchi, na mtoto hakuruhusiwa kukigusa.

Miaka ile biashara ya ngozi ilikuwa imefunguliwa, si ya serikali peke yake tena. Watu binafsi walianza kufika na malori yao kununua ngozi, nao walichagua. Mnunuzi wetu, mtu mrefu mwenye kofia ya kufuma, aliinua kila ngozi juani. Iliyopitisha mwanga kwenye tundu aliitupa kando. Siku moja alizitupa mbili za baba.

"Mzee Maduhu, hii ni ngozi au chujio?" alisema mbele ya watu. "Keshokutwa ikitoboka nyingine, namleta mchunaji wangu kutoka Maswa."

Watu walicheka. Baba alirudi nyumbani akawa anaitazama mikono yake kama mtu anayetazama wezi.

Mimi sikukubali kwamba mikono ile imezeeka. Kesho yake alipokwenda mnadani, nilipanda juu ya kigoda, nikashusha kinoo, nikalaza kisu juu yake na kuinamisha kichwa. Niliona mwanga ukipita chini ya kisu. Kosa halikuwa la mikono! Kisu hakikulala juu ya jiwe, hivyo makali hayakunyooka. Baba alilazimika kukivuta kwa nguvu, nacho kikateleza na kutoboa.

Nilikimbilia jiwe la kusagia la mama, lililokuwa limepumzika uani tangu mtu mmoja alete mashine ya kusaga kijijini. Nilimwaga mchanga na maji, nikasugua kinoo mpaka jua likawa utosini. Nilipokigeuza, bonde halikuwapo. Palikuwa na kilima. Sikuwa nimewaza kwamba jiwe la kusagia nalo lina bonde lake, lililochimbwa na mtama wa miaka yote ya mama, na kinoo kilikuwa kimefuata umbo hilo.

"Mayu, nimekiharibu," nilimwambia mama, kwa jina tunalowaita mama zetu.

Mama alikigeuzageuza. "Ng'wanone, mwanangu, kilikuwa na njaa, sasa umekipa mimba. Baba yako akirudi, utamwambia kitazaa lini?"

Kisha alichukua mkaa jikoni, akachora mistari juu ya kinoo kutoka ncha hadi ncha, akanipeleka kwenye mwamba bapa nyuma ya zizi, tulipokuwa tukianika mtama. "Sugua mpaka mistari ife yote kwa pamoja. Ikifa ya katikati peke yake, bado kina tumbo."

Nilisugua huku nikikizungusha, na tope la kijivu likajaa mwambani. Mistari ya katikati ilikufa, ya kando ikabaki. Tulichora tena. Mikono iliniwaka, lakini sikutaka kupumzika, kwa maana kila nilipotazama, mistari mingi zaidi ilikuwa imefutika. Mara ya tatu ikatoweka yote pamoja. Tukamalizia kwa mchanga laini uliochujwa kwa kitambaa, hata uso wake ukawa kama shavu la mtoto. Nililaza kisu. Mwanga haukupita. Nilipiga kelele, kuku wakatawanyika.

Jioni nilimpa baba kinoo kwa mikono miwili. Alikipitishia kidole gumba kutoka ncha hadi ncha.

"Tope lake liko wapi?" aliuliza.

"Nimelimwagia maji, baba. Mwamba ni safi kabisa."

"Haya," alisema, akakilowesha, akaanza kunoa.

Siku ya mnunuzi nilijipenyeza mpaka mbele. Ngozi iliinuliwa juani, ikageuzwa, ikageuzwa tena. Hapakuwa na tundu hata moja.

"Mzee, umeazima mikono?"

"Sikuazima," alijibu baba. "Nimeizaa."

Nilikimbia mpaka nyumbani kumweleza mama, na njia nzima nilijiona mrefu kuliko lori.

Nilidhani baba aliuliza tope ili apime kazi yangu. Alipofariki, kinoo kilikuja kwangu kikiwa na bonde jipya. Nilishika mkaa nikisawazishe, na mkono ukakataa, msimu mzima. Ndipo nilipoelewa kwamba bonde lile la kwanza lilikuwa alama ya mkono wa baba yake, na kwamba mwanga chini ya kisu yeye aliuona kabla yangu, ila hakutaka kuifuta. Tope aliloliulizia ndilo lililoondoka na mkono ule.

Kinoo hiki ni chako, Sayi. Usikiweke kabatini kitazamwe. Tunza na mwamba ule, mtu asijenge juu yake. Kikibonyea, chora mistari, sugua mpaka ife yote kwa pamoja, kisha mwagia mwamba maji. Ila kabla ya kumwaga, simama kidogo.