Mtu wa Kushika Waya

Mnunuzi wa kwanza alitoka Wang'uru, na alitaka kuanikia mpunga. Alikunjua pembe moja ya kitambaa kwenye nyasi zangu, akaisugua kwa kidole gumba, akaniuliza kama maji hupenya. Nilimweleza kwamba hilo si turubai, ni bawa. Kwamba marehemu mume wangu alikuwa akining'inia chini yake na kuruka kutoka kilima kilicho juu ya Wamagana, bila injini, upepo peke yake. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pole sana, mama. Lakini hata mpunga haitajua."

Nilimpa chai, nikamfukuza. Wa pili alitaka mabomba ya alumini yanayolitanua bawa, ajengee kibanda cha nyanya. Huyo hata chai hakupata.

Bawa lilikuwa limelala kwenye korido tangu mazishi, ndani ya mfuko wake mrefu, na kila nikienda kulala nilipita kiubavu. Mume wangu hakufa kwa kuruka, ingawa kijiji kizima kilikuwa kimemtabiria. Alikufa kitandani, kwa sukari. Watoto wako ng'ambo, hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa, wananiuliza kama nimekula. Nilitaka bawa liondoke. Pia sikutaka. Mjane akikuambia anajua anachotaka, usimwamini.

Nieleze kazi yangu ilikuwa nini. Upepo ukivuma kwa nguvu, pua ya bawa huinuka kabla rubani hajawa tayari, na linaweza kumpindua na kumvunja shingo. Kwa hiyo mtu husimama mbele, ameshika waya mbili za pua, ametazamana na rubani. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilimuuliza, "Umejifunga?" naye alivuta mkanda wake ili nione. Kisha aliita, "Achia!" Niliachia, nikajitupa kando, bawa likapita juu ya kichwa changu na kivuli chake, na kilima chote kikanyamaza. Nilibaki na pikapu, sweta yake na baridi, halafu nikateremka na gumbuti zangu, viatu vile virefu vya mpira, kumtafuta katika shamba la mtu. Nililalamika kwa miaka mingi. Nilisema magoti yangu yamechoka. Nilisema kuna wanawake ambao waume wao hucheza drafti.

Kabla mnunuzi wa tatu hajafika, niliutoa mfuko nje upate hewa. Chini kabisa nikakuta kitu ambacho sikuwahi kukiona: mkanda mnene wenye kifungo cha mkanda wa usalama wa gari kuukuu, na kwenye kitufe chake kumefungwa waya wa breki ya baiskeli. Nilikigeuzageuza mpaka nikaelewa. Unafunga pua ya bawa kwenye pikapu, unajifunga, ukiwa tayari unavuta breki, kifungo kinafyatuka, unaruka. Huhitaji mtu. Mkanda ulikuwa na matope makavu na ulikuwa umechakaa, maana yake alikuwa amekitumia, siku ambazo mimi nilikuwa dukani nikishona sare za shule.

Niliketi kwenye nyasi na kile kitu mapajani. Nilikionea wivu, nasema kweli, wivu ule wa kumkuta mwanamke mwingine amevaa leso yako. Sijui kama alikitengeneza kwa kuyahurumia magoti yangu au kwa kuichoka midomo yangu. Hayupo wa kuulizwa. Kilikuwa kimebuniwa vizuri sana, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Mnunuzi wa tatu alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani ya chai huko Kangema, mwanamume wa miaka thelathini na kitu. Alikuwa amejifunza kuruka kule bonde la Kerio, na hakuwahi kuwa na bawa lake mwenyewe. Tulilifungua uani. Alilizunguka mara moja, macho yanang'aa, akatoa simu.

"Cucu, hii kitu iko sawa kabisa. Wacha nikutumie pesa saa hii."

"Mimi si cucu ya mtu bado, sina mjukuu," nikamwambia. "Na wewe unanunua bawa ama unanunua kuku? Hata kuku unaishika kifua kwanza. Rudisha hiyo simu mfukoni."

Basi nikamfundisha kuikosoa mali yangu mwenyewe. Nilimlaza chini atazame kila bomba kwa jicho moja, maana bomba lililopinda na kunyooshwa huvunjika siku nyingine, tena hewani. Nilimwambia asiulize bawa lina miaka mingapi, aulize limekaa juani kiasi gani, kisha avute mshono kwa kucha. Nikaleta soksi yangu ndefu ya nailoni, nikamwambia aipitishe juu ya kila waya, kwa sababu uzi mmoja uliokatika jicho huukosa lakini soksi hunasa. Ilinasa. Waya wa chini upande wa kushoto, karibu kabisa na kona. Alinitazama kana kwamba nimemwokoa kutoka mtoni.

"Huo unabadilishwa wote, kwa waya ya kazi hiyo," nikasema. "Ukiunga na waya ya ua, nitakuja mazishi nikuambie nilikuambia."

Akacheka. Ndipo akauona ule mkanda kando ya mfuko. Aliuelewa haraka kuliko mimi.

"Ati hii inashika pua? Hii ndiyo nataka kabisa! Mimi sina mtu. Huwa niko peke yangu tu."

Nilimnyang'anya mkononi. "Hii haiuzwi."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu haikuulizi kama umejifunga. Ukisahau, inakuachia tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tafuta mtu wa kushika waya, la sivyo bawa linabaki hapa."

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Lakini nilipomtazama akifikiri, akihesabu kichwani watu anaowajua, nilikuwa na sababu nyingine. Nilitaka aseme, wewe je, mama? Nilikuwa nimeandaa hata namna ya kukataa kidogo kabla ya kukubali. Hakusema. Aliahidi atatafuta, na akikosa atanipigia Jumamosi, siku anayotaka kuruka. Nikamwambia sawa, apige mapema, kwa kuwa nina shughuli nyingi. Alirudi na waya mpya, akaubadilisha, akanionyesha, akalipa, akalibeba bawa juu ya gari la rafiki. Korido ikawa pana. Usiku ule bado nilipita kiubavu.

Jumamosi simu ililia saa mbili asubuhi.

"Mama, nimepata mtu! Ni yule msichana nataka kuoa. Anaogopa baridi, lakini amekubali."

"Vizuri," nikasema. "Mwambie ashike waya zote mbili, na asiangalie bawa, akuangalie wewe. Na avae kitu kizito, kule juu kuna upepo."

"Asante, mama. Wewe uko poa?"

"Mimi niko sawa. Niko na kazi mingi leo."

Nikaweka simu mezani, nikaketi, nikaanza kuvua gumbuti nilizovaa tangu alfajiri.