Mayowe ya Saa Tisa

Watu wengi wakiangalia sinema ya kutisha hutazama macho ya zimwi. Fundi Meno hutazama meno. Si kosa lake. Mtu aliyekaa miaka thelathini na moja kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, akipanga meno ya bandia kwenye nta, hawezi kumwona mnyonya damu akiachama halafu asijiulize ni nani aliyemtengenezea.

"Tazama hayo," humwambia mkewe. "Hayo si meno, ni vipande vya mshumaa. Akifunga mdomo atajitoboa kidevu."

"Wewe nawe! Hata makaburini utatafuta wateja."

Basi hiyo ndiyo Jumamosi yao, tangu watoto wakiwa wadogo mpaka sasa wamekwenda kujitegemea. Saa tisa alasiri kuna chaneli inayoonyesha sinema za kutisha za zamani, zile za rangi nyeusi na nyeupe, zenye kasri la utando wa buibui na popo anayening'inia kwa uzi ambao hata mwenye mtoto wa jicho angeuona. Fundi Meno hufunga mapazia kupata giza la bure. Mkewe huleta chai na kikapu cha nguo za kutia vifungo. Hukaa kwenye kochi ambalo upande wa mama umebonyea zaidi, jambo ambalo katika nyumba ile halizungumzwi.

Watu wa kwenye sinema husema lugha ya mbali, na maandishi hupita chini ya picha. Mama hayaoni bila miwani, na miwani haipendi, kwa hiyo msomaji ni mumewe. Huyasoma yote, sauti ya zimwi akiikoroma, ya msichana akiibana puani.

Na kila sinema ina mwanamke wa kupiga mayowe. Hapo mkewe alikuwa akimsaidia. Hakupiga kwa hofu, alipiga kwa raha zake: kichwa nyuma, kinywa wazi chote, mpaka jirani wa ukuta wa pili, mstaafu wa posta, agonge kwa bakora mara tatu. Wakiisikia bakora ile walicheka mpaka chai inamwagika, na katika kicheko hicho ndipo ulipouona mwanya wake.

Mwanya wenyewe haukuwa wa kutafuta kwa tochi. Meno mawili ya mbele yalikuwa yameachana kama ndugu waliogombania shamba, na la kushoto limelalia mwenziwe kidogo. Fundi Meno hakumficha mtu kwamba alipenda mwanya kwanza, mwenyewe akafuata. Enzi za uchumba, binti alichomoa njiti ya kiberiti, akaisimamisha pale katikati bila kuishika, akamwuliza kama yuko tayari kuishi na nyumba isiyofungwa mlango. Akasema yuko tayari hata leo.

Lakini mcheka kilema hafi bila kumfika. Baada ya miaka yote ya kuyacheka meno ya mazimwi, msiba wa meno ukaingia nyumbani kwake. Ufizi wa mkewe uliugua, ukatibiwa mwaka mzima, na mwisho meno yote ya juu yakang'olewa. Mama huyu alikuwa wa dirisha la mapokezi hospitalini, mwenye sauti ya kuita wagonjwa mpaka aliye uani akasikia. Akaomba ahamishiwe stoo ya majalada, kwa sababu jalada halimtazami mtu mdomoni. Nyumbani akawa anasema na mumewe nyuma ya upindo wa mtandio. Jumamosi walikaa kama kawaida, chai ikaja kama kawaida, ila yule mwanamke wa kwenye sinema akawa anapiga mayowe peke yake.

Mwanzoni Fundi Meno hakutishika. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini hakuna aliyesema hawezi kumnyoa mkewe. Alitengeneza seti ambayo hakuwahi kutengeneza mfano wake: meno ya dukani, yale yanayouzwa yamepangwa kwenye kadi, ya kadi bora kuliko zote, meupe, yamenyooka kama askari wa gwaride, pasipo pengo hata la kupitisha unywele. Mkewe aliyavaa, akajitazama kiooni, akasema ahsante kwa adabu kubwa mno, akayavua na kuyaweka kwenye glasi ya maji.

"Yananibana," alisema.

Mumewe akayasugua. Siku ya pili yakawa yanapwaya. Akayaongeza unene. Siku ya tatu yakawa yanamtia kichefuchefu. Miezi minane ikapita hivyo, meno yakiwacheka kutoka ndani ya glasi. Fundi aliyejaza vinywa vya mahakimu na wahubiri akaanza kuamini kwamba mkono wake umezeeka. Hilo lilimuuma, lakini lililomuuma zaidi ni ule ukimya wa saa tisa. Hata jirani alimsimamisha mlangoni na bakora yake.

"Shemeji hajambo? Siku hizi nashindwa kujua Jumamosi imefika."

Fundi Meno alisema hajambo, akaingia ndani haraka asije akalia mbele ya mstaafu wa posta.

Ndipo ikaja sinema ya bwana harusi. Mnyonya damu mmoja, mwembamba kama mwamvuli uliofungwa, alimteka bibi harusi akampeleka kwenye kasri lake. Bwana harusi alimtafuta usiku kucha akiwa na taa ya mkono, na Fundi Meno akamsemea kwa sauti ya kishujaa. Mwisho bwana harusi akafungua mlango, akamkuta mkewe amesimama na gauni lake lile lile jeupe. Bibi harusi akatabasamu. Meno yalikuwa mapya, marefu, safi. Bwana harusi akarudi nyuma hatua tatu, maandishi yakapita, na msomaji akayasoma kama alivyosoma maelfu:

"Wewe si mke wangu."

Mkewe akaacha kutia kifungo.

"Kasema kweli," akasema kupitia mtandio. "Wamembadilisha meno tu, lakini si yeye. Hata mimi nilijiambia hivyo hivyo kwenye kioo. Nilimwona mama mmoja mzuri, msafi, simjui ni nani. Nikaona haya kukwambia. Umehangaika sana, baba."

Mnyonya damu alichomwa kigingi cha moyo, kasri likaungua, Fundi Meno hakuona. Alikuwa anakumbuka mkono wake mwenyewe ukisukuma jino na jino mpaka yakagusana, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: mwanya ni dosari, na fundi mwema huziba dosari. Ameuziba mwanya aliouoa! Alitamani kujizaba kofi, na kama mkewe asingekuwapo pengine angejizaba.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumatatu aliingia kliniki kabla ya mfagiaji, akatoa rafuni ule ufizi wa plasta alioufinyanga kwa kipimo cha kinywa cha mkewe, akayeyusha nta. Safari hii hakugusa kadi bora. Alichagua meno yenye umanjano kidogo, ya mtu aliyekunywa chai maisha yake yote. Alitundika mbele yake picha ya harusi yao, nayo ya rangi nyeusi na nyeupe, akaitazama kwa kioo cha kukuzia. Jino la kushoto akalilaza juu ya mwenziwe. Kisha akachomoa njiti ya kiberiti, akaisimamisha kwenye nta, akasogeza meno mpaka yakaigusa huku na huku. Alirudia mara nne, maana njiti iliinama, na yeye aliikumbuka imesimama wima.

Daktari wa kliniki, binti wa rika la watoto wake, akachungulia.

"Mzee, hapo mbele si umekosea? Kuna mwanya."

"Sijakosea, daktari. Mara ya kwanza ndiyo nilikosea."

Jumamosi akamkabidhi mkewe kisanduku bila hotuba. Mama akaenda nacho chumbani, akafunga mlango. Saa tisa ikafika. Fundi Meno akafunga mapazia, akawasha televisheni, akakaa. Sinema ilikuwa ya maiti aliyekataa kulala, nayo ilisifika, lakini ukimwuliza leo hatakwambia hata ilianzaje. Alikuwa anasikiliza mlango wa chumbani. Zikapita dakika kumi. Akapiga moyo konde asimwite.

Mlango ukafunguka. Mkewe akaja polepole, akakaa upande wake wa kochi, mtandio mabegani. Alichukua kiberiti mezani, akachomoa njiti moja, akaisimamisha katikati ya meno ya mbele, akamgeukia mumewe na mikono juu ya mapaja.

Njiti ikasimama wima.

Fundi Meno alitaka kusema yanakaaje, yanabana wapi, maneno ya kazi. Mkewe aliitoa njiti, akairudisha kwenye kiberiti, akasogea karibu.

"Haya, soma," akasema, na ile "s" ya "soma" ikapita kwenye mwanya na kafilimbi kadogo ambako mumewe hakujua kama alikakosa hivyo. "Wanasemaje?"

Fundi Meno akapangusa macho kwa kiganja, akatazama. Maiti alikuwa ameinuka kitandani, na mbele yake mwanamke ameshika mashavu.

"Hakuna maandishi, mama. Mwanamke anapiga mayowe tu."

"Peke yake?"

Mkewe akarudisha kichwa nyuma, akafungua kinywa chote, akapiga mayowe mpaka vijiko vikalia kwenye visahani.

Wote wawili wakageuka kuutazama ukuta, wakangoja. Jirani naye, huko aliko, ni kama alikuwa hayaamini masikio yake. Kisha bakora ikagonga mara tatu, ikapumzika kidogo, ikagonga tena, na tena, na tena.