Mtoto wa Ndani ya Bomba

Wiki iliyopita nilishuka Gachoka saa nne asubuhi nikielekea nyumbani kumwona baba, na kabla sijavuka barabara nikamwona kijana wa bodaboda amechuchumaa kando ya pikipiki yake akisugua ekzosi. Siku hizi mabomba mengi ya moshi ni meusi tu, hayahitaji kusuguliwa, lakini lake lilikuwa la kromu, la zamani, na alikuwa akilisugua kwa kitambaa kikavu. Vumbi la kwetu Mbeere lina mchanga ndani yake. Ukilisugua kavu linachora mikwaruzo isiyofutika. Nilitaka kumwambia alowanishe kwanza. Mdomo ulifunguka, sauti ikakataa kutoka, nikapita kimyakimya. Acha nikueleze, rafiki yangu, kwa nini mtu mzima kama mimi, mama wa watoto walio sekondari, anashindwa kusema neno moja juu ya bomba la moshi.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Pikipiki yake aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akihamishwa parokia, na wakati huo kijijini kwetu hakukuwa na nyingine. Tangi lake lilikuwa jekundu, lakini fahari yake ilikuwa ile ekzosi: ndefu, nene, ya kung'aa, imelala upande wa kulia kutoka kwenye injini hadi nyuma ya gurudumu. Baba akiwa bado ng'ambo ya korongo tuliisikia ikikohoa kwenye mteremko. Mbuzi waliinua vichwa, na mama akasukuma kuni ndani ya meko ili chai ichemke kabla hajafika.

Jumamosi ilikuwa siku yangu. Nikisha kuchota maji mtoni safari mbili, na mgongo ungali umelowa kwa mtungi, baba aliitoa pikipiki kwenye kivuli na kuniita. Kwanza alichovya vidole kwenye maji na kuyanyunyiza juu ya bomba. Yakichemka kwa ile sauti ya "chsss", tulingoja. Yakitiririka tu, alisema, "Haya, mwalimu msaidizi, kazi kwako." Nilikuwa na miaka tisa na cheo hicho kilinitosha kabisa.

Nilianza kwa maji na sabuni ya kipande. Kisha mafuta ya taa kwenye fulana kuukuu, kutoa lami. Penye kutu nilitumia limau na ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara. Jirani yetu mmoja mzee alikuwa mvutaji, akaniwekea hizo karatasi kwenye mkebe wa kakao. Ukisugua karatasi hiyo na limau juu ya kromu inatoka tope jeusi, na chini yake kutu inakuwa imepotea. Mwisho nilipaka mafuta ya kujipaka kidogo sana, nikafuta. Karibu na injini palikuwa na doa la samawati na zambarau, alama ya joto, ambalo halikutoka kwa chochote. Baba alisema niliache. Mimi nililisugua kila Jumamosi hata hivyo.

Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili na nusu. Alinifuata kila nilipokwenda, na Jumamosi alikaa mavumbini mbele ya ekzosi akingoja nimalize, kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mchezo. Bomba likisha kung'aa, uso wake ulionekana humo, umevutwa kwa upana, macho mbali kama ya panzi. Nilimwambia huyo ni mtoto mwingine anayeishi ndani ya bomba. "Mbishie hodi," nilimwambia. Alibisha kwa kiganja. "Msalimie sasa." Akaweka shavu lake juu ya shavu la yule mtoto, akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Tulicheza hivyo Jumamosi nyingi sana. Maji ya baba yalikuwa yamenifundisha mimi kusubiri. Mdogo wangu hakuna aliyemfundisha.

Ilikuwa siku ya katikati ya wiki, kama saa kumi jioni. Baba alikuwa ametoka Embu kuchukua karatasi za mtihani. Mama alikuwa jikoni akikoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mimi nilikuwa uani nikichagua ndengu kwenye ungo pamoja na nyanya yetu, mama yake baba. Pikipiki iliingia, ikazimwa, baba akaegesha palepale mlangoni na kwenda bafuni kunawa vumbi. Nilimwona mdogo wangu akikimbia. Nilidhani anamkimbilia baba. Nilipogundua anakokwenda nilikuwa bado nimeshika ungo mikononi, na sikuuachilia. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya mayowe. Sikuuachilia ule ungo.

Alibisha kwa kiganja, kisha akaweka shavu.

Nyanya alikuwa wa kwanza kufika, akammwagia mtungi mzima wa maji ya kunywa. Jirani mwingine alikuja mbio na yai mkononi ili alipake, nyanya akamfukuza. Mama hakupiga kelele. Alimfunga mtoto kwa leso iliyolowa, akapanda nyuma ya baba kwenye pikipiki ileile, na wakaenda hospitalini, mama amemwinua mtoto juu kifuani na mguu wake wa kulia umekaa mbali na bomba ambalo mimi nililing'arisha Jumamosi iliyopita.

Walikaa huko wiki kadhaa. Mdogo wangu aliporudi alikuwa na kovu la waridi kwenye shavu la kushoto, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka vizuri tena. Alicheka vilevile. Waliobadilika ni wengine wote. Mama alikuwa mwenyeji wa Mikinduri kule Meru, baba Mmbeere, na walipotaka kuzungumza mambo mazito na kuelewana vizuri, walikimbilia Kiswahili. Kwa hiyo nilielewa kila kitu.

"Nilikuambia uegeshe nyuma ya nyumba," mama alisema. "Mara ngapi nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Na mtoto huyu anaogopa moto. Hata mekoni hasogei. Alifuata nini pale?"

"Sijui," baba akasema. "Kweli sijui, mama watoto."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilijua. Maneno yalikuwa tayari kinywani, nikayameza. Nilijiambia nitayasema kesho, na kesho ilipofika mama alikuwa amefunga nguo zake na za mdogo wangu kwenye shuka, akaenda kwao Mikinduri. Hakusema atarudi lini. Mimi niliachwa kwa ajili ya shule.

Muhula huo ulikuwa mrefu. Nyanya alitupikia, akalalamika juu ya chumvi, akasali rozari kwa sauti ili baba asikie. Jumamosi ya kwanza nilitoka na kopo na fulana kama kawaida. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba akisahihisha madaftari.

"Acha," alisema. "Usilisafishe tena."

Niliamini amejua. Niliamini ile ndiyo adhabu yangu, kwamba amenivua cheo. Kumbe alikuwa akijiadhibu mwenyewe, lakini mtoto wa miaka tisa angejuaje? Mvua ilinyesha mara mbili tatu, umande ukafanya kazi yake, na kutu ikaanza kuota kama chunusi. Yule mzee mvutaji aliendelea kuniwekea karatasi zake. Nilizipokea, nikamshukuru, nikazitupa chooni.

Likizo ilipofika baba aliamua twende tukawachukue. Siku moja kabla ya safari nilimkuta mwenyewe amepiga magoti kando ya pikipiki akisugua ile kutu kwa majivu, jasho likimtoka puani. Hakuniita, nami sikusogea. Alikuwa anaenda kwa wakwe, na mtu haendi kwa wakwe akiwa mchafu. Hilo tu ndilo alilofikiria, nina hakika.

Tuliondoka alfajiri. Tulipita Embu, tukapanda na kushuka zile kona za Chuka mpaka mikono yangu ikafa ganzi kiunoni mwa baba, na baada ya Meru mjini hewa ikawa baridi na yenye harufu ya majani mabichi. Nyumbani kwao mama kila kitu kilikuwa kibichi: migomba, kahawa, miraa, hata mawe yalikuwa na ukungu wa kijani. Mama alikuwa uani na bibi aliyemzaa, wanamenya ndizi mbichi. Mdogo wangu aliniona, akaja mbio. Mama hakumwangalia baba. Aliiangalia pikipiki.

"Umeling'arisha," alisema.

Baba akashusha stendi ya pikipiki.

"Umelisugua vizuri, ukalileta linawaka hivi mpaka kwa mama yangu. Ili mtoto aone nini? Ili ajione uso wake humo?"

Alisimama, kisu cha ndizi mkononi, utomvu mweusi vidoleni. Bibi alimwambia kitu kwa Kimeru, cha kumtuliza. Mimi sikuweza tena. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, kwamba ni mimi, kwamba nilimfundisha kubisha hodi na kuweka shavu, kwamba nilimwambia kuna mtoto ndani, kwamba baba hana makosa. Nilisema nikilia, na mdogo wangu aliponiona nalia naye akaanza.

Nilitegemea mama anipige. Ningefurahi angenipiga. Badala yake aligeuka polepole kwa baba, na sura aliyokuwa nayo sijaisahau.

"Umemfunza mtoto uongo," alisema. "Njia nzima kutoka Gachoka ulikuwa unamfunza haya. Umekosa la kusema, sasa unajificha nyuma ya msichana wa miaka tisa."

"Mama, ni kweli," nikasema. "Haki ya Mungu, ni kweli!"

"Nyamaza wewe."

Baba alikuwa ananitazama mimi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia habari ile, na nililiona hilo machoni pake: niliona alivyoishika, alivyoielewa, Jumamosi zote zikipita kichwani mwake. Nilingoja aseme, mwamini mtoto. Alivua kofia.

"Ni mimi niliyemfunza aseme hivyo," baba alisema. "Nisamehe. Nilikosa njia nyingine."

Bibi alilia uani pale, kwa aibu nadhani, kwa ajili ya mkwe wake. Mama aliingia ndani akafunga mlango. Tulirudi Gachoka siku iliyofuata tukiwa wawili, kama tulivyokwenda. Kabla hatujaondoka baba alinifunga shingoni shali ya bibi, akalikaza fundo, na hakusema neno lolote kuhusu jambo hilo. Wala baadaye.

Mama alirudi Januari, kwa sababu ya shule, kwa sababu ya kanisa, kwa sababu nilikuwa nimekonda. Baba aliigawa pikipiki kwa ndugu yake wa Siakago na akawa anatembea kwenda kazini, saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Maisha yaliendelea, na tulicheka pia, usidhani nyumba yetu ilikuwa kaburi. Lakini kila walipokosana, hata juu ya mbuzi aliyekula mahindi, mama alifika palepale: "Siwezi kumwamini mtu anayemfunza mtoto uongo." Alilisema hilo mbele yetu, mbele ya wageni, na mara moja mbele ya katekista. Baba alikunja gazeti au alitoka kwenda kuangalia mbuzi. Na mimi, kadiri nilivyokua, ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kufungua mdomo. Nilijaribu nikiwa kidato cha tatu. Mama alinikatiza: "Bado anakutuma?"

Mama alifariki mwaka juzi. Mwezi jana nilimweleza mdogo wangu kila kitu. Nilidhani ataniuliza juu ya shavu lake na vidole vyake, mambo ambayo yeye mwenyewe hakumbuki jinsi yalivyotokea. Hakuuliza. Aliniambia, "Mama alimwita baba muongo miaka thelathini, na wewe ulikuwa chumba cha pili." Kisha akasema, "Nenda kwake akiwa bado hai."

Ndiyo maana nilishuka Gachoka siku ile.

Nilimkuta baba kibarazani, macho yamefifia, redio masikioni. Jiko la zamani limebomoka, mtoni siku hizi hakuna anayekwenda kwa kuwa kuna bomba la maji uani, na korongo limejaa nyumba za mabati. Nilikaa kwenye gunia karibu na miguu yake, nikasema nilichokuja kusema. Nilimwomba msamaha wa miaka yote ile.

Alizima redio.

"Mama yako alikuwa na hasira kali sana," alisema. "Nilimjua. Ile hasira ilikuwa lazima ikae mahali."

"Lakini haikuwa yako, baba."

"Mimi nilikuwa na miaka thelathini na minane. Ningeibeba. Wewe ulikuwa darasa la tatu." Alipapasa hewani mpaka akapata kichwa changu, akauweka mkono wake hapo. "Ila nilidhani itaisha. Nilidhani baada ya mwaka mmoja nitamweleza, tutacheka. Mwaka ukapita. Nikaona nikimweleza, atajua kwamba alinionea bure, na hilo litamuumiza zaidi."

Mama amelala pale nyuma ya nyumba, hatua thelathini kutoka tulipokaa, na kati yetu sisi wawili hakuna aliyeweza kwenda kumwambia.