Kigango cha Babu Hakikuokotwa

Msimamizi alikisogeza kigango cha babu yangu kwa mguu ili apate kupiga deki. Kwa mguu, kama mtu anavyosukuma ndoo. Mwanangu alikuwa mgongoni, amelala. Nikasema, "Mzee, ondoa mguu wako." Akadhani natania. Nikarudia kwa sauti iliyomwamsha mtoto, na wanafunzi waliokuja kutazama magofu wakageuka wote.

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika. Ilikuwa mara ya tatu kwenda kwenye kile kijumba cha maonyesho, kando ya magofu ya mji mdogo ambao watu huupita wakienda Malindi bila kupunguza mwendo.

Kwa asiyejua, kigango ni mti uliochongwa, mrefu kama mtu, ambao Wagiriama humsimamishia mzee wa heshima akishafariki. Kikishasimama hakihamishwi. Watu wakihama, chenyewe kinabaki. Sisi tulihama kutoka upande wa Marafa mahindi yalipokataa kabisa, tukaja kupanga vyumba viwili mtaa wa Barani. Babu tukamwacha pale pale, na kila mwaka bibi alirudi kummwagia tembo la mnazi na kumpa habari za nyumbani, nani kaolewa, nani kazaa. Habari ya mimi kuzaa bila mume aliipeleka yeye. Aliporudi akaniambia, "Babuyo hakusema kitu." Tukacheka.

Mwaka huu alikuta shimo.

Tangu siku hiyo bibi hali vizuri. Mwizi hamlaumu. Anajilaumu mwenyewe, kwamba ndiye aliyekubali tuhame. Nalisha wawili kwa kijiko kimoja, mtoto na yeye, na kuna siku bibi huniuliza babu amelala wapi. 

Jirani wetu wa zamani ndiye aliyeniambia amekiona kwenye maonyesho. Mara ya kwanza nilikwenda kwa adabu. Nikamwamkia msimamizi shikamoo, akaitika vizuri.

"Hiki kiliokotwa, mwanangu," akasema. "Kilikuwa kichakani huko, hakina mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye huyo, mzee. Si amesimama?"

Akacheka, akaniagiza nilete hati ya kuonyesha kuwa ni chetu. Mara ya pili nikaenda na barua ya mzee wa mtaa. Akaisoma hadi mwisho, kisha akauliza jina la babu limeandikwa wapi kwenye mti. Halikuandikwa. Nani huandika? Nikamwonyesha ubavu wa kushoto uliolika, mahali ng'ombe wetu walipozoea kujikuna.

"Mwanangu, ng'ombe wote hujikuna."

Kinachonichoma ni kwamba huyu si mgeni. Ni Mgiriama mwenzangu. Kwao vimesimama vitatu, watu wa huko walinijulisha. Nikamuuliza kama navyo atavileta humu. Akafunga daftari lake.

Basi siku ya ule mguu sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja hadi ofisi inayopokea malalamiko ya mambo ya kale, mtoto analia, mimi nalia. Karani akanipa karatasi na kuniambia niandike kwa lugha ya heshima. Nilijaribu. Niliyoandika, akayapiga muhuri, ni haya:

"Nalalamika kwamba kigango cha babu yangu kimeng'olewa na kuwekwa ndani ya nyumba, na kibandiko chake kinasema ni pambo la zamani. Si pambo, na hakikutupwa. Tulihama tukakiacha kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Bibi yangu ni mgonjwa, na hali ikibaki hivi atakufa akiamini kwamba alimtelekeza mumewe. Naomba kirudishwe kwenye shimo lile lile. Na aliyeking'oa aje mwenyewe Barani, wakati bibi bado anasikia, akae mbele yake na amwambie kwa mdomo wake kwamba ni yeye aliyekichukua."